GEJI YA MAFUTA INAMDANGANYA NANI?

Katika kila gari linalotembea katika barabara zetu, liwe la mkurugenzi au daladala ya Mbagala, kuna chombo kimoja ambacho dereva hukitazama kila mara na ambacho hakiamini. Chombo hicho ni geji ya mafuta. Mwulize dereva yeyote mzoefu, naye atakwambia kwa kujiamini kabisa: "Hii yangu ikifika kwenye mstari mwekundu bado ina lita kadhaa." Wa pili atakwambia kwamba yake ikionyesha robo ujue imekwisha. Wa tatu atakwambia yake haijapata kusogea tangu gari liliponunuliwa, na kwamba yeye huhesabu kilometa kichwani. Wote watatu watakueleza hayo huku wakicheka, kana kwamba wanasimulia vituko vya jirani mlevi.

Mimi nasema jambo hili si la kuchekwa. Kipimo kinachosema uongo ni bidhaa mbovu, na sisi tumekuwa tukiinunua kwa fedha za kigeni, gari kwa gari, bila ya kuuliza swali. Gharama ya uongo huo hailipwi na aliyeutengeneza wala aliyeuuza. Hulipwa njiani. Tena haiwaangukii watu wote kwa uzito ule ule, na hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Miaka michache iliyopita nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwa gari la ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Lilikuwa gari la dizeli, na dereva wake alikuwa mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mtu wa maneno machache na mwangalifu kupita kiasi. Tulipofika Morogoro jua lilikuwa linazama. Nikamwuliza, "Mzee, hatuongezi mafuta hapa?" Akaupiga kioo cha geji kwa ukucha, mshale ukatikisika kidogo, ukarudi pale pale, juu ya nusu. "Mwanangu, kama hii inasema kweli tutafika Mikumi mjini na akiba itabaki," akajibu. Lile neno "kama" nililisikia, lakini sikulitia maanani.

Wasafiri wa njia ile wanajua kwamba kabla ya kuufikia mji wa Mikumi barabara kuu hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa kwa kilometa 50 hivi. Humo hakuna kituo cha mafuta, hakuna nyumba, na msafiri haruhusiwi kushuka garini. Yapata saa mbili na nusu usiku, tukiwa humo katikati, injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Mshale ulikuwa bado unaonyesha robo na zaidi. Taa ya tahadhari haikuwa imewaka hata mara moja. Tulikaa kimya kiasi cha saa nzima, madirisha tumeyafunga, tukiwatazama tembo wakivuka barabara mbele yetu taratibu kama watu wanaotoka ibadani. Hatimaye lori lililokuwa likielekea Tunduma likasimama. Utingo wake hakutazama geji yoyote. Alifungua kifuniko cha tangi, akazamisha ufito, akautazama kwa tochi, akasema wanaweza kutugawia lita kumi. Kazi haikuishia hapo, maana injini ya dizeli ikikauka hunyonya hewa, na hewa hiyo sharti itolewe. Mzee yule akawa anasukuma pampu ya mkono gizani, na dereva wa lori akitumulikia vichaka kwa taa kubwa ili kama kuna simba tumwone kabla hajatuona.

Tulifika salama. Wiki mbili baadaye mzee yule aliandikiwa barua ya karipio kwa "uzembe wa kuishiwa mafuta njiani". Nilikwenda kuuliza. Katika kitabu cha gari lile, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa mara tatu katika muda wa miezi mitano: "Geji haifanyi kazi sawasawa." Na asubuhi ya safari aliomba aongezewe mafuta, akajibiwa kwamba hastahili kibali, kwa kuwa geji inaonyesha zaidi ya nusu.

Basi na tuutazame uongo huu unavyotengenezwa, maana mtu hawezi kupambana na kitu asichokijua.

Ndani ya tangi mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipungua boya hushuka, mkono hushuka nalo, na ncha yake husugua kijibao kinachokinza umeme. Ukinzani ukibadilika, umeme unaokwenda kwenye dashibodi hubadilika, na mshale husogea. Ni ufundi rahisi na wa siku nyingi. Tatizo ni kwamba tangi la gari la leo si pipa. Limekunjwa na kubonyezwa ili lipenye chini ya viti na kando ya bomba la moshi. Na katika magari mengi yanayovutwa kwa magurudumu yote manne lina matumbo mawili, moja huku na moja huku, mithili ya shogi juu ya punda. Katika tangi la namna hiyo boya likishuka nusu ya kimo chake, mafuta hayakupungua nusu. Gari likisimama mteremkoni mafuta hukimbilia upande mmoja, na boya husema lionalo pale lilipo. Kijibao nacho huchakaa kwa kusuguliwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka. Hata mafuta yenyewe huweza kukidhuru: mwaka 2004 katika majimbo ya Florida na Louisiana huko Marekani iliuzwa petroli yenye salfa iliyoshambulia madini ya fedha katika vijibao hivyo, na magari yakawa yanaonyesha tangi limejaa hali limekauka.

Na ile taa ya tahadhari ambayo wengi huitumainia kuwa mlinzi wa mwisho? Katika magari mengi taa hiyo hupata habari zake kwa boya lile lile. Boya likikwama, mshale hukwama na taa hailali wala haiamki. Tunadhani tuna mashahidi wawili, kumbe shahidi ni mmoja aliyevaa kofia mbili. Ndiyo maana usiku ule Mikumi hakuna kilichowaka.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni maumbile ya vyuma, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini watengenezaji hawakuishia kwenye maumbile. Waliupanga uongo mwingine kwa makusudi. Huupanga mshale ukae juu kwa safari ndefu baada ya kujaza, mnunuzi afurahi na kuamini kwamba gari lake halili mafuta. Kisha ukianza kushuka hushuka kwa haraka. Na huku chini huupanga ufike sifuri wakati tangi lingali na mafuta. Wahandisi wao hawalifichi jambo hili. Husema kwamba dereva husahau, kwa hiyo ni vyema awekewe akiba asiyoionyeshwa. Wanaiita huruma.

Huruma gani hii? Mtu aliyeambiwa "hakuna" mara mia, na mara zote mia akakuta kipo, mara ya mia na moja hataamini. Dereva hujifunza upesi kwamba sifuri ya geji si sifuri, na tangu siku hiyo hutaka kuijua sifuri ya kweli iko wapi. Nayo haina njia nyingine ya kujulikana isipokuwa kukwama. Kwa hiyo ile akiba ya siri, iliyowekwa ili watu wasikwame, imekuwa ndiyo inayowafundisha kukwama. Kila mtu anajua kwamba ipo, hakuna ajuaye ni kiasi gani, na kiasi chenyewe hutofautiana baina ya gari na gari: hili likiwasha taa zimebaki lita tano, lile kumi, na jingine likaiwasha kilima kikiwa mbele na kuizima kilima kikiwa nyuma.

Wala tusiambiwe kwamba kipimo cha kweli hakiwezekani katika gari. Kanuni Na. 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inasema wazi kwamba kipimo cha mwendo kisionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya ule wa kweli. Kikizidisha, kisizidishe zaidi ya sehemu moja ya kumi na kilometa 4 juu yake. Maana yake gari likienda kilometa 80 kwa saa, kipimo hakiruhusiwi kuonyesha 79, wala kuvuka 92. Uongo umewekewa mpaka, na umeelekezwa upande ule usioua. Kwa mafuta hatuoni ukali huo. Kanuni Na. 121 inashughulika na alama ya kuchorwa kwenye dashibodi ili dereva aitambue kuwa ni ya mafuta. Picha ya pampu ikichorwa vizuri, shauri limekwisha. Kama picha hiyo inasema kweli au haisemi, hilo ni la dereva na bahati yake.

Sisi wenyewe katika jambo hili tumeacha pengo la ajabu. Wakala wa Vipimo, kwa Sheria ya Vipimo Sura ya 340, huzikagua pampu katika vituo vya mafuta na kuzifunga lakiri, ili lita inayouzwa iwe lita kweli. Hiyo ni kazi njema, nayo inastahili kuungwa mkono. Lakini hebu fikiri, ndugu msomaji. Muuzaji ana kipimo kilichokaguliwa, mnunuzi hana. Akitiliwa lita kumi na mshale usisogee, hawezi kujua kama ameibiwa na pampu au amedanganywa na gari lake. Akilalamika hucheka yule kijana anayejaza mafuta, akisema, "Kaka, geji yako mbovu." Na mara nyingi ni kweli. Geji mbovu garini ni mlango wa nyuma uliofunguliwa kwa kila mwizi wa mafuta.

Kabla ya geji kulikuwa na kweli. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, haikuwa na geji. Tangi lilikuwa chini ya kiti, na dereva aliinua kiti akachovya kijiti. Mafuta yake yalitiririka kwa uzito wake yenyewe kwenda kwenye injini, na yakiwa machache katika mlima mkali hayakufika, hata madereva wakapanda mlima kinyumenyume. Ilikuwa taabu, lakini haikuwa hila. Volkswagen zile za mgongo wa mviringo zilikaa bila ya geji hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zilikuwa na koki: injini ikianza kukohoa, dereva aliigeuza, akapata lita 5 hivi, naye alijua kwamba sasa anatumia akiba na kwamba baada yake hakuna nyingine. Pikipiki nyingi za bodaboda hata leo zina koki ya namna hiyo, na sijapata kumsikia kijana wa bodaboda akibishana nayo. Akiba ile ilikuwa mkononi mwa mwenye chombo. Leo imefichwa ndani ya mashine, na ufunguo wake hakupewa mtu.

Sasa nije kwenye swali la kichwa cha makala hii.

Mtu mwenye kadi ya mafuta ya ofisi hujaza tangi Jumatatu mpaka shingoni, na Ijumaa hurudi kujaza likiwa nusu. Geji yake hata ikitolewa usiku na kuuzwa, ataijua mwisho wa mwezi. Kwake yeye mshale ni pambo. Lakini mtazame dereva wa daladala. Huamka saa kumi alfajiri. Jioni tajiri anataka hesabu yake, iwe mvua iwe jua, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta hutoka katika mapato ya siku ile ile, na kinachosalia baada ya hesabu na mafuta ndicho chake yeye na konda. Kesho huenda usukani ukashikwa na mwingine, na hata leo alasiri huenda akamwachia deiwaka apige safari mbili tatu. Kwa hiyo kila lita anayoiacha tangini usiku ni lita aliyomzawadia mwenzake kutoka katika chakula cha watoto wake. Ndiyo maana hununua mafuta kwa vipande: ya elfu ishirini asubuhi, ya elfu kumi na tano mchana, ya elfu kumi jioni. Mwaka 2022, bei ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mjini Dar es Salaam na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, vipande hivyo vilizidi kuwa vyembamba. Gari la mtu huyu huishi maisha yake yote katika robo ya chini ya geji. Na ni pale pale, katika robo ile, ndipo geji inapokuwa mwongo mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Hivyo ndivyo jambo lilivyo. Kipimo kile kile humwambia kweli asiyekihitaji, na humwongopea anayekitegemea kwa mkate wake.

Na gharama zake si za kufikirika. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi pampu imo ndani ya tangi, nayo hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Gari linaloendeshwa kwa mabaki kila siku huipasha moto pampu hiyo mpaka ikafa kabla ya wakati wake. Na fundi akiibadilisha, fedha hukatwa kwa dereva, maana tajiri husema "umeiunguza wewe". (Wako wanaodai kwamba ubaya wa mafuta ya chini ni takataka. Hoja hiyo haina miguu: pampu hunyonya chini siku zote, tangi liwe limejaa au halikujaa.) Wasioamini geji zao hubeba dumu la petroli nyuma ya kiti, pamoja na abiria na mizigo, jambo ambalo sihitaji kueleza hatari yake. Na gari likiishiwa usiku katika barabara kuu, penye kona, bila ya kituo cha maegesho, kinachowekwa nyuma yake mara nyingi ni matawi ya miti. Kila asafiriye kwenda mikoani anayajua matawi hayo. Yanayofuata baadaye huyasoma magazetini.

Magari mapya yana kompyuta inayotangaza kilometa zilizosalia kabla ya mafuta kwisha. Nayo ni ramli tu ya kisasa: hutazama gari lilivyokula mafuta katika kilometa zilizopita, ikadhani zijazo zitakuwa vivyo hivyo. Dereva aliyetoka tambarare ya Chalinze haelezwi kwamba mbele yake kuna Kitonga.

Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na huishi hapa miaka mingi kwa nguvu ya mafundi wetu. Mafundi hao ni hodari, nami siwabezi. Lakini katika kutafuta vipuri, boya la gari aina hii hufungwa katika tangi la aina ile, na dashibodi ya toleo hili ikaunganishwa na waya za toleo jingine. Mshale husogea, mteja hulipa, kila mtu akaridhika. Tarehe 6 Agosti 2005 ndege ya abiria aina ya ATR 72, iliyokuwa ikitoka Bari nchini Italia kwenda Djerba nchini Tunisia, iliishiwa mafuta angani na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Sicily. Siku moja kabla yake ilikuwa imefungwa kipimo cha mafuta cha ATR 42, ndege ndogo kuliko ile. Kiliingia sawasawa mahali pake. Kiliwaka. Kiliwaambia marubani kwamba wana mafuta ambayo hawakuwa nayo. Watu 16 kati ya 39 walikufa. Mwaka 2009 mahakama ya Palermo iliwatia hatiani marubani, lakini haikukomea kwao. Iliwafikia pia mafundi na wakuu wa shirika.

Naitaja hukumu hiyo kwa sababu sisi tumezoea kukomea kwa aliyeshika usukani.

Wapo watakaonijibu kwamba dereva mwangalifu hujaza tangi lake likifika nusu, na yote haya hayatampata. Ushauri huo hutolewa na watu wenye mshahara wa mwezi. Kumwambia mwenye daladala ya kukodi ajaze nusu tangi la mwenziwe kwa fedha za unga ni sawa na kumwambia mwenye njaa ale kabla hajaumwa na tumbo. Wengine watasema kwamba sisi hatutengenezi magari, kwa hiyo hatuna la kusema. Ni ajabu kuusikia unyonge huu katika kinywa cha mnunuzi. Gari kuukuu linapoingia bandarini tunauliza umri wake, na likizidi miaka tuliyoiweka tunalitoza ushuru wa uchakavu. Ikiwa tunaweza kuuliza gari lina umri gani, tunashindwa nini kuuliza kama geji yake inasema kweli?

Wapo pia watakaonyamaza, nao ndio ninaowaogopa zaidi. Hawa ni wale ambao geji mbovu katika gari la umma ni shamba lao. Mafuta hunyonywa usiku kwa mpira, asubuhi mshale uko pale pale ulipokuwa jana, na kitabu cha safari hujazwa kilometa ambazo gari halikutembea. Ukiuliza, unaambiwa geji ni mbovu na kipuri kimeagizwa. Kipuri huagizwa miaka. Mtu asiyetaka kutengeneza mizani ana sababu yake, na wakaguzi wa hesabu wangefanya vyema kuanzia kwenye dashibodi kabla ya kufungua majalada.

Kupima geji hakuhitaji maabara. Tangi hukaushwa, kisha hutiwa mafuta lita tano tano kwa chombo cha kipimo kilichokaguliwa, na kila mara mtu hutazama mshale uko wapi na taa imezimika kwenye lita ya ngapi. Ni kazi isiyomaliza hata nusu ya siku katika gereji yoyote. Majibu yake yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi ndogo na kubandikwa mbele ya dereva: "Taa huwaka zikibaki lita saba." Hilo moja tu lingerudisha ile koki ya Volkswagen mikononi mwa mwenye gari. Magari ya abiria na ya umma yaanze, na mkaguzi wa magari anayetazama breki, matairi na taa atazame na karatasi hiyo. Mimi sijapata kumwona mkaguzi akiuliza habari za geji. Shirika la Viwango nalo liamue ni kosa la kiasi gani linalovumilika, na upande gani. Nami nasema upande ni mmoja: geji ikikosea, ikosee kwa kuonyesha machache, na kiasi cha kosa hilo kijulikane kwa lita.

Na matajiri wa daladala nao wana sehemu yao, ambayo haingoji sheria wala Mjapani. Gari likabidhiwe tangi limejaa na lirudishwe tangi limejaa. Tajiri atatoa fedha za tangi moja mara moja tu, nazo zitabaki kuwa zake siku zote, ndani ya gari lake. Dereva hatakuwa na sababu ya kukimbizana na taa, wala deiwaka hatakuwa mrithi wa mafuta ya mwenzake, na pampu itapoa. Nimelizungumza jambo hili na matajiri wawili. Mmoja alisema madereva wataiba mafuta hayo. Nikamwuliza atajuaje kama wameiba. Akasema ataangalia geji.

Mzee wangu wa safari ya Iringa alikwisha kustaafu. Gari lile, nimeambiwa, lingali linatembea, na mshale wake ungali juu ya nusu. Barua ya karipio nayo ingali katika jalada lake. Ofisi ile inaweza kuanza kwa kuitoa.